Sahani Mbili, Kikombe Kimoja

Zaituni alizikwa Koboko siku ya Jumanne, baada ya swala ya adhuhuri, na mimi nilifika nikiwa nimeshiba. Nalisema hili mapema ili msomaji asinitafutie machozi. Simu ililia saa moja asubuhi, ndugu yake akaniambia dada amefariki alfajiri, presha, na kwamba hawatangoja mtu. Nikasema poleni sana. Kisha nikachemsha mayai mawili, nikala na mkate, nikanywa chai yote, nikaosha kikombe, nikatoka Arua. Tulipopita Manibe wanawake walikuwa wanaanika mihogo juu ya mwamba, nami nikawaza kwamba mihogo ile itanyeshewa kabla ya jioni. Hayo ndiyo niliyoyawaza. Nyumbani kwa marehemu nilipewa nafasi kwenye mkeka wa wanawake, chini ya turubai, na mtu akaniletea chai ya tangawizi na gurusa, zile chapati nyepesi za Koboko ambazo Zaituni alikuwa akituletea ofisini zimefungwa katika kitambaa. Nikala tena. Upande wa pili wa mkeka alikaa mama mzee mwenye shela ya kijani, akinitazama tangu nilipoketi. Sikumjua. Nilidhani ananishangaa ninavyokula.

Nina mvi za kutosha sasa, na vijana ninaowafundisha kuunda programu za kompyuta wanadhani nilizaliwa na tabia yangu ya kuwachosha kwa maswali kabla hawajaandika mstari mmoja. Sikuzaliwa nayo. Niliipata katika mwaka mmoja, nikiwa na miaka ishirini na sita, ndani ya chumba kilichokuwa juu ya duka la vifaa vya ujenzi mjini Arua. Chumba kilinuka rangi na saruji tangu asubuhi. Kulikuwa na meza moja ndefu, kompyuta tatu, feni iliyokuwa ikizunguka pale tu ilipojisikia, na ukutani skafu ya timu ya Onduparaka ambayo mkuu wetu, Festo, aliigusa kila Jumatatu kama timu imeshinda na kuigeuza nyuma mbele kama imefungwa. Chini ya skafu palikuwa na ubao wa kadi. Kazi yetu ilikuwa kuunda programu ya simu kwa ajili ya watu wanaowatembelea wagonjwa wa kifua kikuu nyumbani. Mtu akigunduliwa ana ugonjwa, mtembeleaji anakwenda kwake, anaangalia nani mwingine anakohoa, watoto wanapewa dawa ya kuwakinga. Programu ilitakiwa imwambie mtembeleaji aende nyumba gani, na ituambie sisi nyumba gani imekwisha kufikiwa. Basi. Ukiieleza hivyo inaonekana kazi ya mwezi mmoja, na Festo aliahidi hivyo hivyo.

Festo alikuwa amerudi kutoka mafunzoni Kampala na njia mpya ya kufanya kazi, ile wenye fani wanayoiita ajaili. Unatengeneza programu kwa vipande vidogo, unawapa watu waitumie, unasikia wanalalamika nini, unarekebisha, unaongeza kipande kingine. Kila kipande kilikuwa cha wiki mbili na tulikiita sprinti. Kila asubuhi tulisimama mbele ya ubao, maana ukikaa utaongea sana, na kila mtu akasema jana alifanya nini na leo atafanya nini. Kadi zilihama kutoka “Ya kufanya” kwenda “Inafanywa” kwenda “Imekwisha”. Mimi niliipenda njia ile na bado naipenda, sitaki mtu anisome vibaya. Kabla yake nilikuwa nimefanya kazi mahali ambapo tulichora michoro miezi minane na mwishoni hapakutoka kitu hata cha kubonyeza. Ila Festo aliongeza safu ya nne kwenye ubao, pembeni kabisa, karibu na dirisha, na akaiandika “Baadaye”. Kadi ikifika pale ilipigwa na jua hadi ikapauka. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi tulikuwa na safu nzima ya kuta za kujenga.

Zaituni aliajiriwa kuingiza karatasi za zamani kwenye kompyuta. Alitoka Koboko, alikulia katika kambi ya jeshi, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambi, cha moja kwa moja, kisichobembeleza. Mimi na Festo tulizungumza Kilugbara tukiwa wawili, lakini akiingia yeye tulihamia Kiswahili, na chumba kizima kilibadilika kikawa na adabu nyingine. Hakuwa amesomea kompyuta. Alikuwa anasoma karatasi anazoingiza, jambo ambalo wengi wanaofanya kazi ile hawalifanyi. Mwezi wa pili akaja kwangu na karatasi nne mkononi, zote za wagonjwa wa Koboko, zote zikiwa na anwani imekatwa kwa kalamu na nyingine, ya Inde kwenye soko, imeandikwa juu yake, na kwenye moja ile ya kwanza imerudishwa tena. Mimi nilisema ni uzembe wa walioandika. Yeye alingoja chakula.

Chakula cha mchana kililetwa na mama mmoja mwenye jiko nyuma ya duka: enyasa, ule ugali wetu mweusi wa mtama na muhogo, maharagwe, na mboga iliyopikwa na karanga. Siku ile Zaituni alichukua sahani mbili tupu akaziweka mbele yangu, na kikombe kimoja cha plastiki.

“Dada Candi,” akasema, maana jina langu Candiru alilikata hivyo. “Hii sahani ni nyumba. Hii ingine pia ni nyumba. Hii kikombe ni mutu. Wewe kwa kompyuta umeweka kikombe kwa sahani moja, umefunga. Si ndiyo?”

Ndiyo. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nimepanga data. Kila mgonjwa alikuwa mstari mmoja, na katika mstari huo palikuwa na kisanduku kimoja cha nyumba. Nilikiweka kwa dakika chache sana, bila kuwaza, kwa sababu katika watu wote niliokua nao Arua, kanisani, shuleni, mtaani, mtu alikuwa na nyumba moja, au alijifanya ana moja.

“Sasa mutu ya Koboko iko na nyumba mbili,” akaendelea, akikihamisha kikombe huku na huku. “Jumatatu iko hapa. Siku ya soko iko pale. Ugonjwa inaenda na yeye.”

“Si atachagua moja,” nikasema. “Ile anayoishi.”

“Ukiuliza mwanaume ‘unaishi wapi’, atakuambia nyumba ya mke mukubwa. Hiyo ni heshima. Uliza analala wapi, siku gani. Kifua kikuu haijui heshima.”

Festo alicheka, akamwambia Zaituni angefaa kuwa hakimu. Kisha akasema sprinti inakwisha Ijumaa, wageni wa mradi wanakuja kuona, nyumba ya pili itaingizwa baadaye.

“Nipe wiki moja tu, bosi. Niende Koboko, niende Inde, niulize watu analala wapi. Kama hakuna kitu, nitanyamaza.”

Aliomba wiki moja. Nimelihesabu hilo mara nyingi kuliko nilivyohesabu umri wangu. Festo alinitazama mimi, kwa kuwa programu ilikuwa mikononi mwangu, na kama ningesema ndiyo angekubali. Nikasema tutajifunza tukiwa njiani. Nikasema kukaa na kuchora kila kitu kabla ya kuanza ni mambo ya kizamani. Nilikuwa na maneno mengi mwaka ule. Kisha, kwa kuwa njaa ilikuwa inaniuma, nikavuta ile sahani ya pili, ile aliyoiita nyumba, nikajipakulia maharagwe. Zaituni akatazama mkono wangu. Baadaye aliandika kadi ya njano, “Mutu moja, nyumba mbili”, akaibandika mwenyewe chini ya “Baadaye”.

Vijana huniuliza kama kosa lilikuwa la mwendo wa haraka. Hapana. Modeli ya data, yaani ule uamuzi wa nani ni nani, nini ni nini, na kipi kinaweza kuwa na vingapi, haihitaji miezi minane. Inaweza kukua kipande kwa kipande kama kitu kingine chochote, ukiukubali ukweli kwamba itakua. Lakini kuna maswali ambayo ukiyaruka mwanzoni, programu haisubiri jibu, inajijibu yenyewe. Kisanduku kimoja cha nyumba ni jibu. Nilikuwa nimesema kwamba mtu ana nyumba moja, nikawasemea hivyo watu wote wa Koboko, na sikujua kwamba nimesema neno.

Sprinti ya tano tukawapa watembeleaji simu. Sprinti ya saba ramani ya Koboko kwenye kompyuta yangu ikawa ya kijani yote: kila nyumba ya kila mgonjwa imefikiwa. Festo alinunua soda na mandazi. Wageni walipiga picha ya kompyuta. Mmoja wa wagonjwa wale wa kijani alikuwa mzee Rajabu, fundi cherehani, mwenye duka Koboko na mashine nyingine Inde, kule kusini mwa Arua, alikoshona siku za soko. Inde alikuwa na mke wa pili na watoto. Alipoulizwa anaishi wapi alisema Koboko, kama Zaituni alivyosema angesema. Nyumba ya mke mkubwa ilitembelewa, wote wakapimwa, watoto wakapewa dawa, kijani.

Wiki mbili hivi baadaye, nikiwa nakula embe kwenye meza, nilimsikia Festo akiongea na simu dirishani. Ilikuwa simu ya mtembeleaji wa Inde, na sauti yake ilikuwa kubwa, nami nilisikia karibu yote. Alisema iko mama hapa, bwana yake anakunywa dawa ya kifua, anataka watoto wapimwe. Alisema amejaribu kuandika nyumba, mara mbili, na simu inakataa. Inasema: Mgonjwa huyu ana nyumba tayari. Maneno hayo niliyaandika mimi. Nilikuwa nimeyaandika ili kuzuia mtu asiingize nyumba moja mara mbili kwa makosa, na nilijisifu nayo kwenye mkutano wa asubuhi. Festo akafunika simu kwa kiganja, akaniuliza, “Afanye nini?” Nikasema aandike kwenye maelezo. Kulikuwa na kisanduku cha maelezo chini ya fomu, ambamo mtu angeweza kuandika chochote. Hakuna aliyekuwa akikisoma, na hilo nililijua. Nikamaliza embe langu. Zaituni alikuwa mezani. Aliinuka, akaenda kwenye ubao, akaitoa kadi ya njano kwenye “Baadaye”, akaiweka kwenye “Ya kufanya”. Jioni nilipokuwa wa mwisho kutoka niliirudisha, kwa sababu sprinti ilikuwa imejaa.

Mmoja wa watoto wa nyumba ile aliitwa Mwanaisha, alikuwa na miaka kumi na miwili. Mama yake alimsubiri yule mtembeleaji arudi, maana aliambiwa imeandikwa, na mtu akiambiwa imeandikwa husubiri. Alipomfikisha mtoto hospitali, akikohoa, ilikuwa imepita miezi mitatu. Mtoto alikaa wodini siku tisa. Habari ilifika ofisini asubuhi, wakati tumesimama mbele ya ubao. Mtembeleaji wa Inde alikuja mwenyewe, hakupiga simu. Alivua kofia akasema yule mtoto wa Rajabu, wa ile nyumba iliyokataa, amekufa. Tulikuwa tumesimama tayari, kwa hiyo hata kuinuka hatukuweza. Festo alikaa chini. Zaituni alisema “Innalillahi” akachukua shela yake. Wakaenda Inde wote wawili kuzika. Mimi nilisema nitabaki nirekebishe programu.

Ningependa kuandika hapa kwamba nililia nilipobaki peke yangu. Moyo ulikuwa umekufa ganzi, na mikono ilikuwa mizima kabisa. Nilitenganisha mtu na nyumba. Nikaweka nyumba kwenye jedwali lake, watu kwenye jedwali lao, na katikati jedwali la tatu linalosema nani analala wapi, siku gani. Nikafuta ile sentensi yangu. Nikajaribu, ikafanya kazi. Mama wa jikoni alikuwa ameinjika maharagwe nilipoanza, na nilipomaliza bado yalikuwa hayajaiva. Nilishuka nikasimama karibu na sufuria, nikamuuliza yatakuwa tayari saa ngapi. Hicho ndicho kipimo nilichobaki nacho: kazi niliyoinyima wiki moja ilinichukua muda usiotosha kuivisha maharagwe.

Kesho yake niliingiza mwenyewe nyumba ya pili ya Rajabu. Mama, kijana mkubwa, mtoto mdogo. Wakapimwa siku hiyo hiyo, na mdogo akaanza dawa. Rajabu naye alipona. Zaituni alisimama nyuma ya kiti changu, bado ana vumbi la Inde miguuni, akasoma majina kwenye kioo.

“Na Mwanaisha?”

“Fomu ni ya walio hai,” nikasema.

Ilikuwa kweli. Fomu iliuliza nani anakohoa, nani apimwe lini. Hakukuwa na mahali pa mtu ambaye hatapimwa. Zaituni alitoa kadi ya njano ukutani, akaipeleka hadi “Imekwisha”, akaibandika vizuri kwa kidole gumba. Alimaliza mwaka pamoja nasi, lakini hakuleta gurusa tena, na mezani alikaa upande wa Festo. Kisha akarudi Koboko kufanya kazi ya karani shuleni. Nilimwona mara tatu baada ya hapo, harusini na sokoni, na kila mara tulisalimiana kama watu waliowahi kupanga nyumba moja. Mradi uliisha, Festo akahamia Kampala, na ile programu ikazimwa siku moja bila mtu kuaga. Mimi nikaanza kufundisha. Somo la kwanza huwa naweka sahani mbili na kikombe mezani, na wanafunzi hucheka, na mimi huwaacha wacheke.

Nilikuwa nimefika hapo katika kuwaza, chai imepoa, yule mama wa shela ya kijani alipohama upande wake wa mkeka akaja kukaa karibu nami. Alikaa taratibu, akishika goti.

“Wewe ndiyo Candiru wa mashine,” akasema.

“Ndiyo, mama.”

“Mimi mama Mwanaisha. Wa Inde.” Akaiweka shela sawa. “Zaituni alikuwa anakuja kwangu kila Idi. Mwaka yote. Alisema iko siku na wewe utakuja.”

Nikasema shikamoo, jambo la kipumbavu, kwa sababu salamu zilikwisha kupita. Sikujua kwamba Zaituni alikuwa akienda Inde. Miaka yote ile, kila Idi, na mimi nilikuwa Arua, karibu zaidi kuliko yeye.

“Mashine ilisema Rajabu iko na nyumba tayari,” mama akasema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayenikumbusha mahali tulipoachia mazungumzo. “Mimi nilikuwa nimesimama pale mulangoni, nikasikia yule mutu anasoma. Nikatazama nyumba yangu. Sasa nauliza wewe. Nyumba yangu iko ndani?”

Programu ilikuwa imezimwa zamani. Kompyuta yenyewe sijui iko wapi. “Iko, mama,” nikasema. “Niliiandika mwenyewe.”

“Na Mwanaisha?”

Ningeweza kudanganya tena, na uongo ule ungekuwa mwepesi kuliko wa kwanza. Nikafungua mkoba. Mlikuwa na karatasi za mtihani wa wanafunzi wangu, nikageuza moja upande wa nyuma, nikaiweka juu ya sinia la gurusa, nikatoa kalamu. Nikaandika juu: Nyumba ya Inde. Mama akatazama kalamu, akaelewa, akajivuta karibu. Akataja majina, nami nikaandika, yeye mwenyewe, kijana mkubwa, mdogo, Rajabu siku za soko, na mwisho Mwanaisha. Mimi ndiye niliyeanza kuuliza, mmoja mmoja, swali ambalo Zaituni alikuwa ameomba wiki moja aende kuliuliza. Huyu alikuwa analala wapi? “Kijana mkubwa, jikoni,” akajibu. “Mdogo, na mimi kwa kitanda.” Nikafika kwenye jina la mwisho, na hapo, baada ya miaka yote hiyo na mayai mawili na gurusa, nikakisogeza kikombe cha chai mbali nami.

“Mwanaisha alikuwa analala wapi, mama?”

“Siku zote na mimi,” akasema. “Lakini siku ya soko, hapana. Siku ya soko alikuwa anataka baba yake. Alikuwa anaweka mukeka yake hapa, na kichwa ya baba iko hapa.” Akapima kwa kiganja kwenye mkeka tuliokalia, pale katikati yangu na yake. Kati ya kichwa na kichwa palikuwa na kiganja kimoja tu.